Rivolva ya Orrin Stensrud

Jumanne, 2 Aprili 2019

Upepo tangu alfajiri. Matope mpaka kizingitini. Wateja watatu kutwa nzima. Wawili walikuja kuota moto na kumsikiliza Lyle akiwasema wanasiasa. Lyle ndiye mwenye duka. Mimi ndiye ninayejua kilichomo.

Wa tatu alikuwa Orrin Stensrud. Namjua kwa sura, nani hapa hamjui? Miaka thelathini na mmoja akiendesha treni za mizigo, ngano na makaa ya mawe, kutoka huku mpaka Dakota na kurudi. Mrefu, ameinama kidogo, viganja kama makoleo. Hajawahi kukanyaga dukani kwetu. Akasimama mbele ya kabati la vioo, kofia mkononi kama yuko kanisani.

Anataka rivolva. Kubwa. Nikamuuliza ya kazi gani — dubu? Kuwinda?

"Kulenga shabaha tu," akasema. "Kujifurahisha."

Alilitamka hilo "kujifurahisha" kama mtu anayesoma jina la dawa kwenye chupa.

Nikamtolea ya kaliba arobaini na nne, mtutu wa inchi sita. Hakuinyanyua! Hakuuliza uzito, hakuuliza inapiga teke kiasi gani. Kila mwanamume anayeingia humu hulenga kile kichwa cha paa ukutani, hata mchungaji alilenga. Orrin hakulenga. Akasema, "Hiyo inatosha. Na risasi, paketi ndogo kabisa mliyo nayo."

Nikairudisha rivolva kabatini.

Kabla sijafikiri mdomo ulishasema: sheria ya duka, hatumuuzii mtu rivolva kubwa kabla hajaijaribu. Jumamosi saa nne, uwanja wa klabu ya shabaha. Nitakuja na tatu, uchague mwenyewe.

Hakuna sheria kama hiyo. Lyle alikuwa anapanga fimbo za kuvulia samaki. Akainua kichwa, akanitazama.

Orrin akauzungusha ukingo wa kofia vidoleni. Akauzungusha tena. Mwisho akasema haya, Jumamosi.


Jumatano, 3 Aprili

Lyle kaniwekea kahawa mezani, halafu: "Tangu lini duka langu lina sheria nisizozijua?"

Tangu jana, nikamwambia.

Hakucheka. Akasema huwezi kuusoma moyo wa mtu, Max. Ni mtu mzima, rekodi yake safi, jimbo halisemi asubiri hata saa moja. "Utamkataa kila mwenye uso wa huzuni? Huku kwetu? Mwezi wa nne? Si bora tufunge tukauze mboga."

Kweli. Mwezi wa nne nyuso zote huku ni za huzuni. Hata wangu.

Lakini nilimuuzia Curtis Rademacher. Naandika jina lake hapa kwa sababu sijaliandika popote. Kinyozi wetu. Miaka mitatu iliyopita, siku ya Ijumaa. Alichagua kwa dakika saba. Nikamsifu amechagua vizuri — nikamgeuzia kwenye mwanga aone chuma kinavyong'aa! Paketi moja tu. Jumatatu Lyle akapokea simu, akaenda akageuza kibao cha mlangoni kikawa "Tumefunga", tukakaa wawili kwenye viti hatusemi. Mpaka leo hatujasema.

Leo pia hatukusema. Ila mchana Lyle alikuwa anamenya chungwa, akaniambia kama habari ya kupitisha muda tu: Orrin kampa jirani yake ile mashine ya kusukumia theluji. Bure. Eti haina kazi kwake tena.

Halafu akaacha kumenya.

Nani wa huku anagawa mashine ya theluji?


Jumamosi, 6 Aprili

Alikuja! Nilifika saa nne kasoro kumi nikamkuta amesimama getini. Watu wa reli hao.

Nimekwenda na tatu: ile arobaini na nne, arobaini na moja, na arobaini na tano ya mtindo wa kizamani, ile unayovuta nyundo kwa kidole gumba kila risasi. Risasi zote mfukoni mwangu, zipu imefungwa. Nikampa moja moja. Nikamwambia ndivyo anavyoanzishwa mgeni. Hilo angalau halikuwa uongo. Nikasimama bega kwa bega naye upande wa kulia, karibu mno, mpaka akaniambia, "Dada, ukisogea kidogo nitaweza kupumua."

Sikusogea.

Wanyama wetu wa chuma walikuwa wamesimama kwenye reli zao kama kawaida: kuku mita hamsini, nguruwe mia, bata mzinga mia na hamsini, na kule mwisho kabisa chini ya kilima, mita mia mbili, kondoo dume. Anaonekana mdogo kama kidole. Orrin akawatazama. "Ni hao tu? Mtu mzima anapigana na kuku?"

Risasi ya kwanza alifumba macho. Mtutu ukaruka juu nusura umpige kwenye paji la uso. Tope likaruka hatua ishirini mbele yetu.

"Mama yangu wee!"

Kwa mara ya kwanza akaitazama ile rivolva. Akaitazama hasa, kama mtu aliyesukumwa foleni anayegeuka kuona nani.

Nikamwambia usishindane nayo. Iache ipande, itashuka yenyewe. Kifyatulio unakivuta polepole, mlio ukukute. Halafu nikamfanyia ule mchezo wa zamani — nikampa tupu bila kumwambia. Akalenga, akavuta. Ta! Hakuna kitu, na mkono wake ukaruka peke yake.

Akaona haya. "Nimeshtukia kitu ambacho hakipo."

Kila mtu hushtuka, nikamwambia.

"Mimi tangu Oktoba," akasema. Basi.

Sikuuliza. Kwa nini sikuuliza?

Mwishoni alijaribu ile arobaini na tano. Akapiga tatu, akasema, "Hii inasukuma. Ile nyingine inazaba kofi." Moyo wangu uliruka kwa furaha, mjinga mimi. Nikajiambia mtu mwenye maoni ana kesho. Haraka nikamtafutia kasoro: mpini mwembamba kwa kiganja chako, Jumamosi ijayo nitaleta yenye mpini mnene. Akaitikia kwa kichwa.

Nimefika nyumbani nimekaa garini sijui muda gani.


Jumatatu, 8 Aprili

Lyle amepata habari. Oktoba, pale reli inapokata barabara magharibi ya mji. Gari dogo. Msichana wa miaka kumi na tisa. Kila mmoja wetu alisikia ajali ile. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa anaendesha treni.

Ilikuwa ya tatu kwake katika miaka yote hiyo. Baada ya hapo aliifikisha treni alipoambiwa, akashuka, hakupanda tena.

"Sikutaka kulijua hilo," Lyle akasema. Akaenda nyuma, akarudi na kisanduku chake cha ngozi. Rivolva yake mwenyewe! Arobaini na nne, mtutu inchi nane na nusu, nzito kama sufuria la chuma. Haigusi mtu. Mimi nimeigusa mara mbili.

"Mpelekee hii. Mwambie mtutu mrefu na uzito vinatuliza mkono. Na mpe risasi laini kwanza, usimvunje kifundo cha mkono." Akageuka. "Na irudi safi."


Jumamosi, 13 Aprili

Theluji nyepesi, upepo unaipeperusha kiubavu. Alikuja.

Amebadilika au nataka kuona amebadilika? Amenyoa. Ameuliza kwa nini uzito unasaidia, nikamweleza. Akabisha. Akasema treni nzito ndiyo mbaya kuliko zote, haikusikilizi. Nikamwambia hapa ni kinyume, uzito ndio unaolimeza teke kabla halijafika mkononi. Akapiga ya Lyle mara tano. Ya sita — kuku akaanguka! Akalia kama kengele. Orrin akageuka kunitazama, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Ameanguka," akasema.

Ameanguka, nikasema.

Ningemalizia hapa. Lakini tulipokuwa tunafungasha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Naomba niende na hii nyumbani wiki hii. Tupu. Nizoeshe mkono kuishika."

Nikalivuta sanduku la Lyle upande wangu.

Nikasema haiwezekani. Hata tupu? Hata tupu. Bima. — Bima! Ndilo neno nililopata. Nililishika lile sanduku kwa mikono miwili kama mtu anayeibiwa. Akaniangalia. Sikuweza kuona ndani ya macho yale hata kidogo. Akavua viziba masikio, akaviweka juu ya benchi, akaenda. Bila kwaheri.

Labda mkono tu. Wapiga shabaha wote wanafanya mazoezi na silaha tupu, mimi mwenyewe nafanya, mbele ya televisheni. Labda mkono tu!


Jumatano, 17 Aprili

Hajaonekana mjini. Nimepita mbele ya nyumba yake jana. Pikapu ipo, mapazia yamefungwa. Leo asubuhi nimepita tena: pazia moja limefunguka. Nikapumua. Jioni, kabla jua halijazama, nikapita mara ya tatu, na jamaa amekaa barazani na kikombe cha kahawa, ananitazama ninavyokuja, ninavyopita, ninavyokwenda. Akainua vidole viwili kutoka kwenye kikombe.

Nilitaka ardhi inimeze. Mwanamke wa miaka hamsini na nane anavizia wanaume kwa gari.


Jumamosi, 20 Aprili

Saa nne, hayupo. Saa nne na robo, hayupo. Mtu ambaye hajachelewa maishani mwake! Nilisimamisha wanyama wote, nikawapaka rangi nyeupe waliopauka, nikafagia maganda ya risasi ya watu wengine. Saa nne na nusu nikaanza kutembea kuelekea garini. Nikarudi. Nikaenda tena. Nilikuwa na ufunguo mkononi niliposikia pikapu.

Akashuka anavuta suspenda za suruali begani. "Nimelala," akasema, kama anakiri wizi. "Masaa tisa mfululizo. Sikumbuki mara ya mwisho lini."

Nilimfokea. Nikamwambia mtu akichelewa anapiga simu! Akasimama akanisikiliza mpaka mwisho. "Ndiyo, mama," akasema.

Leo alipiga kama mtu mwingine. Kuku watatu, nguruwe wawili. Bata mzinga walimshinda. Kisha bila kuomba ruhusa akahamia kwa kondoo. Pale mita mia mbili unavuta, unasikia mlio wako, halafu hakuna kitu — unahesabu moja nzima — ndipo sauti inarudi. Ikiwa umepata. Nne za mwanzo hazikurudi na kitu. Ya tano alikaa nayo sana. Akavuta. Kimya. Kisha ile kengele nzito, na kondoo akainama polepole akaanguka chali.

Orrin akaiweka rivolva chini, silinda wazi, mtutu kule mbele, kama nilivyomfundisha. Akaketi benchini, mikono juu ya magoti. Sikumuuliza, alianza mwenyewe.

Akasema kwenye treni unamwona mtu mapema sana. Watu hawajui hilo, wanadhani ni ghafla. Unamwona, unavuta breki, unapiga honi, na kuanzia hapo huna kazi tena. Umekaa. Maili nzima ya kusimama, na wewe umekaa kitini. Yule msichana alikuwa amevaa kitambaa cha njano kichwani.

Kisha akasema: "Hapa nikishavuta, kinachoanguka ni chuma. Unatembea, unakwenda kukisimamisha."

Akaenda kumsimamisha. Mita mia mbili kwenye matope, na kurudi.

Aliporudi akasema ameshachagua. Anataka kama ya Lyle, mtutu ule ule mrefu. Ya kwake. Nikaanza wimbo wangu: kuna nyingine bado ya kujaribu, yenye silinda ya tundu tano, wiki ijayo —

"Max. Umewapeleka wateja wangapi uwanjani Jumamosi tatu mfululizo?"

Wengi, nikasema.

"Muongo wewe." Polepole, bila hasira. Akawasha pikapu akaondoka.

Kesho Pasaka. Paja la nguruwe liko mezani, na mimi sina hamu hata ya chumvi.


Jumanne, 23 Aprili

Orrin amempigia Lyle simu. Anaitaka. Lyle anayo moja ghalani, mpya, aina ile ile. Orrin anakuja Ijumaa asubuhi kujaza fomu.

Lyle akaniambia, "Ukisema hapana ni hapana. Mwambie nimekataa mimi. Anichukie mimi, nimezoea." Halafu akaongeza, macho yake kwenye stovu: "Lakini anaweza kwenda mji wa jirani akanunua kwa robo saa. Unajua hilo."

Najua.

Nimekumbuka kile kijikaratasi alichotuachia nesi wa kaunti baada ya Curtis. Nimekikuta chini ya kaunta, chini ya roli za utepe wa gundi. Miaka mitatu kimelala hapo, sikuwahi kukisoma. Kinasema: muulize waziwazi. Tumia neno lenyewe. Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Kinasema pia msimwache na silaha karibu, na mtafutieni mtu wa kuzungumza naye, na chini kuna namba za simu.

Waziwazi. Nimeingia ghalani nikajaribu kuliambia kabati la buti. "Orrin, unafikiria —" Nikakohoa. Nikajaribu tena. Neno linafika kooni linageuka.

Basi ndiyo hivyo. Mipini mnene, mitutu mirefu, risasi laini, Jumamosi tatu za matope — yote hayo kwa sababu naogopa sentensi moja.


Alhamisi, 25 Aprili

Nimeisema. Kwa kabati. Mara nne.


Ijumaa, 26 Aprili

Saa tatu na dakika hamsini. Naandika dukani, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta. Lazima niipe mikono kazi.

Alikuja saa tatu kamili. Shati safi. Lyle akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali pasafi. Nikaiweka ile rivolva mpya juu ya kitambaa. Safari hii aliinyanyua. Akafungua silinda, akahakikisha tupu, tundu zote sita, akailenga kwa yule paa ukutani. Akauliza kama mpini wa mpira unabadilishika. Akaomba paketi tatu za risasi laini na moja ya kondoo — alisema hivyo, "za kondoo". Kila kitu kizuri. Kila kitu ambacho mtu angetaka kusikia. Na mimi nikamkumbuka Curtis alivyonitania siku ile, alivyocheka, na sikuamini kitu.

Nikampa fomu. Akaanza kuandika. Jina. Anwani. Kalamu inakwaruza.

Nikasema, "Orrin. Unafikiria kujiua?"

Ufagio ukasimama.

Hakuinua kichwa. Kalamu ilikuwa bado kwenye karatasi, doa la wino likaanza kupanuka. Kisha akauliza:

"Leo?"

Ee Mungu. Nikasema leo. Au siku ile ya kwanza. Siku yoyote.

Akaiweka kalamu chini sambamba na ukingo wa fomu. "Siku ile, ndiyo," akasema. "Leo sijui. Asubuhi hivi, hapana. Jioni..." Akafanya hivi kwa kiganja, akakigeuza juu, akakigeuza chini. "Watu huniuliza kama nalala. Huniuliza kama nakula. Wewe wa kwanza."

Nikamwambia sitakuuzia leo. Itakaa ndani ya sefu la Lyle, ina jina lako, hakuna atakayeigusa. Jumamosi naileta uwanjani, tunapiga, inarudi. Siku nyingine tutazungumza habari ya kwenda nayo nyumbani. Nilisema haraka haraka. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto wa shule.

Akasimama wima. Sikujua ni mrefu hivyo.

"Kwa hiyo ningedanganya ningeipata. Nimesema kweli, nimekosa."

Nikasema ndiyo, Orrin, ndivyo ilivyo.

"Jumamosi tatu ulikuwa unanichezea."

Nikasema mbili za kwanza. Ya tatu nilikuwa nakusubiri wewe.

Lyle alikohoa kule nyuma. Akaja, akaichukua rivolva na kitambaa chake, akaiweka sefuni, akazungusha kufuli. Orrin alimfuata kwa macho mpaka mlango wa chuma ulipofungwa, na mabega yake yakashuka — kwa hasira? Kwa kupumzika? Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote na sijui.

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Binti yako? Ana binti, Janelle, yuko Spokane. Akasema Janelle ana kazi, ana matatizo yake, hawezi kumtwika baba mzima. Nikaisukuma simu ya duka juu ya kaunta mpaka ikagusa mkono wake. Pembeni yake nikaweka kile kijikaratasi.

"Si hapa," akasema. "Si mbele ya huyu anayefagia."

Akachukua kijikaratasi. Akatoka. Kofia kaiacha juu ya fomu.

Dakika ishirini na mbili sasa. Yuko ndani ya pikapu, mbele ya dirisha letu. Injini hajawasha. Lyle yuko mlangoni, anajifanya kutengeneza ile kengele ya juu ambayo haijawahi kuharibika, ufunguo wa gari lake uko mfukoni tayari. Tumekubaliana: akiwasha, Lyle anasimama mbele ya pikapu, mimi napiga simu. Ndio mpango wetu. Wazee wawili na bisibisi.

Mkono wake uko sikioni. Simu, au ameegemeza kichwa? Kioo kimejaa matope.

Lyle anasema, "Anaongea."

Na nani?

"Nitajuaje mimi? Mdomo unatikisika."

Anajifuta uso kwa mkono wa shati. Anasikiliza sasa. Anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Ni simu, nimeiona, ni simu! Anaongea tena, anatazama huku dukani. Ananitazama mimi.

Mlango wa pikapu umefunguka. Mguu mmoja chini kwenye matope. Hashuki. Amekaa hivyo, nusu ndani nusu nje.

Anainyoosha ile simu kuelekea huku. Kwangu. Ananiashiria nije. Lyle anasema nenda Max, nenda, anataka uongee na huyo wa upande wa pili — awe Janelle, awe mtu wa zile namba, sijui hata nitamwambia nini, naenda